Neno Moja la Kiingereza na Mkono wa Bibi Yangu

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Mhariri wa gazeti letu alipotuomba sisi wa kidato cha nne kila mmoja aandike juu ya jambo alilojifunza hapa shuleni, wenzangu wengi walichagua mambo makubwa. Yuko aliyeandika juu ya umeme, yuko aliyeandika juu ya kilimo cha mkonge, na mmoja wa bweni letu ameandika juu ya nyota. Mimi nataka kuandika juu ya neno moja tu la Kiingereza, tena neno dogo la herufi tatu, ambalo kila mtoto aliyepita darasa la tatu analijua. Neno hilo ni "run". Nawaomba wasomaji msinicheke mapema. Mtacheka baadaye, maana yamo ya kuchekesha, lakini yamo na mengine.

Nalifundishwa neno hili katika shule ya msingi ya kijijini kwetu, pwani ya Tanga. Mwalimu aliandika ubaoni: run, kimbia. Kisha akatutoa nje, akapiga filimbi, nasi tukakimbia mpaka kwenye mwembe na kurudi huku tukipaza sauti, "Run! Run!" Lilikuwa somo zuri sana wala simlaumu mwalimu yule hata kidogo. Tangu siku ile neno likakaa kichwani mwangu kama msumari: run ni kimbia, kimbia ni run, basi. Nami nikadhani maneno yote ya Kiingereza yako hivyo, kwamba kila moja lina mwenzake wa Kiswahili aliyekaa akilingoja, na kazi ya mwanafunzi ni kuwakutanisha tu.

Nilipokuja hapa kidato cha kwanza, karibu masomo yote yakawa kwa Kiingereza. Kila msomaji aliyepita njia hii anajua ilivyo. Miezi ya kwanza nalikuwa nikiitikia kwa kichwa tu, mwalimu akicheka nami nacheka. Lakini nilijitahidi, na hata kufika kidato cha pili nalikuwa na Kiingereza cha kutosha kujivunia nyumbani. Kijijini wakaanza kuniita Mzungu. Mjomba akinunua redio ananiletea karatasi yake nimsomee. Wazee barazani wakiniona napita husema, "Huyo ndiye anayekijua." Nami, lazima niseme kweli, nalipenda sana kuitwa hivyo.

Basi likizo ya Desemba ya kidato cha pili nilimkuta Bibi, mama yake mama yangu, haoni vizuri asubuhi na kichwa kinamgonga. Bibi ni msusi wa mikeka. Watu wa vijiji vitatu wanalalia mikeka yake, na ada yangu ya shule ya msingi, yaani madaftari, sare na viatu, ilitoka katika ukili aliousuka kwa vidole vyake. Ndiye aliyenilea. Kwa kawaida ya mabibi wa kwetu huniita mume wangu, nami nikirudi likizo bila zawadi huniambia nimemtupa na atakwenda kuolewa kwingine.

Mama alikuwa shambani, hivyo mimi ndiye niliyempeleka Bibi hospitali. Siku hiyo alikuwapo daktari mgeni kutoka Uingereza, mama mmoja mpole mwenye mvi, aliyekuwa amekuja kusaidia kwa muda mfupi. Muuguzi aliyekuwa akimfasiria aliitwa mbio katika wodi ya wazazi. Akatuambia tungoje kidogo. Mimi nikasimama nikasema, "Hapana haja ya kungoja, dada. Mimi nitafasiri." Muuguzi akanitazama sare yangu (nalivaa sare makusudi) akaniachia kiti chake.

Daktari alimpima Bibi, akasikiliza moyo, akafunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi. Akauliza maswali, nami nikafasiri vizuri kabisa: amekula nini, amelala vipi, miguu inavimba au haivimbi. Kisha akauliza, "Has she been running a temperature?"

Nikamgeukia Bibi. "Bibi, daktari anauliza, je, siku hizi umekuwa ukikimbia?"

Bibi akamtazama daktari, akanitazama mimi, akaweka mkono kifuani. "Mume wangu, mwambie huyo mama kwamba mara ya mwisho nilikimbia siku nyuki walipoingia jikoni, na mama yako alikuwa hajazaliwa."

Wagonjwa waliokuwa mlangoni wakicheka wakashika mbavu. Daktari akaona mambo yameharibika, akatabasamu, akaweka kiganja juu ya paji la uso wa Bibi kisha akajipepea kama mtu mwenye joto. Kumbe aliuliza habari ya homa! Nikasema, "Ah, homa," na masikio yakawaka moto. Kijana mmoja pale mlangoni akarudia, "Umekuwa ukikimbia?" na watu wakacheka upya.

Nimeeleza kicheko hicho kwa urefu kwa sababu bila hicho yaliyofuata yasingalitokea. Daktari aliandika katika daftari la Bibi, mwandiko wa kama nyayo za kaa mchangani, akampa karatasi ya kuchukulia dawa. Kisha akanitazama mimi usoni, akasema polepole kama mtu anayetaka jambo lisipotee: "Whatever you do, don't let them run out."

Lile neno tena! Nikajua safari hii si kukimbia. Dawa hazina miguu. Ningeweza kumwuliza daktari ana maana gani, naye angalinieleza kwa furaha, maana alikuwa mtu mwema. Lakini watu walikuwa bado mlangoni, na yule kijana alikuwa bado anatabasamu. Nikafikiri upesi upesi. Run ni kukimbia, kutoka mbio. Out ni nje. Dawa zisitoke nje. Naam! Dawa huharibika kwa jua, hilo nalisoma hata kwenye somo la sayansi. Nikamgeukia Bibi nikasema kwa sauti ya mtu aliyeelimika, "Bibi, daktari anasisitiza sana kwamba dawa hizi zisitoke nje. Ziwekwe ndani."

"Nimesikia," akasema Bibi.

Naye alisikia kweli kweli. Dirishani tulipewa bahasha ya vidonge vya siku thelathini, kimoja kila asubuhi. Bibi akaifunga katika kipande cha kanga, akaitia ndani ya kasha lake, chini ya nguo za sikukuu. Kila asubuhi nilimwona akichukua kikombe cha maji, anaingia chumbani, anafunga mlango, anafunga na dirisha, ndipo anameza. Mtoto akifungua mlango anamgombeza. "Daktari amekataza zisitoke nje!" Nami nalikuwa nikiona fahari kwamba maneno niliyoyafasiri yanafuatwa hivyo.

Likizo ikaisha nikarudi shuleni. Vidonge navyo vikaisha katikati ya Januari. Bibi akamwambia mama kuwa amemaliza dawa ya daktari salama, hakuna hata kimoja kilichotoka nje, na kichwa hakimgongi tena. Akamshukuru Mungu, akarudi kwenye miyaa yake.

Mwezi wa Machi matroni aliniita ofisini kupokea simu ya mama. Bibi alikuwa amekwenda kuchota maji akaanguka kando ya ndoo. Uso ulikuwa umevutwa upande mmoja na mkono wa kulia haushiki kitu. Kiharusi. Alilazwa siku kumi na moja. Mama akaniambia kwamba muuguzi aliuliza kama mgonjwa alikuwa akitumia dawa za presha, naye mama akajibu kwamba zile za kwanza alizimaliza. Muuguzi akasema, "Mama, hizo hazimalizwi. Presha ukiiacha hurudi kimya kimya." Mama akanisimulia hayo bila kunilaumu, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kunilaumu. Hakuna aliyejua. Hata mimi sikujua. Nilidhani tu kwamba ugonjwa ulikuwa na nguvu kuliko dawa, na nikalia kama mjukuu yeyote.

Nilijua mwezi wa Julai, kidato cha tatu, siku ya Jumanne, kipindi cha hesabu. Mwalimu wetu alikuwa akichora pembetatu ubaoni, chaki ikakatika, akatafuta nyingine kwenye kisanduku, akakigeuza kisanduku juu chini. Akamwambia kiranja, "We have run out of chalk. Go and get some from the office."

Nitasema lililonipata. Kwanza nalitazama sakafuni kuona chaki zimekimbilia wapi. Halafu nikatazama kile kisanduku kitupu mkononi mwa mwalimu. Halafu mikono yangu ikawa baridi. Nikamwuliza niliyekaa naye, kwa kunong'ona, "Run out maana yake nini?" Akanijibu bila kuinua macho, "Kwisha. Kuishiwa." Kwake lilikuwa neno jepesi kabisa. "Msiache ziishe." Ndivyo daktari alivyosema. Ziwe karibu kwisha, njooni mchukue nyingine. Maneno machache tu, nami nilikuwa nayo mkononi nikayatupa, kwa kuogopa kucheka kwa kijana nisiyemjua hata jina.

Sikumwambia mtu. Siku ile nilimwomba ruhusa mwalimu nikaenda nyuma ya bweni, na nilipoulizwa nikasema tumbo. Jioni, wakati wa kujisomea, nikachukua daftari jipya, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza neno "run", nikaanza kulitafuta. Sijui nalifikiri nini. Labda kwamba nikilikamata lote halitaniponyoka tena.

Basi, ndugu msomaji, nilichokikuta si neno, ni mji mzima. Maji ya bomba yanakimbia. Pua ya mtoto mwenye mafua inakimbia. Kanga mpya ukiifua rangi yake inakimbia, yaani inachuja. Barabara inakimbia kutoka Tanga hadi Segera, nayo imelala pale pale. Basi lenye kwenda kila siku linakimbia, hata likienda kwa mwendo wa kobe. Gari limesimama tuli chini ya mti, dereva amelala, lakini injini ikiwa inanguruma Mwingereza atasema inakimbia. Mwenye duka analikimbiza duka lake, nasi husema analiendesha. Deni linakimbizwa juu. Ugonjwa au uimbaji ukiwa ni wa ukoo, hukimbia katika ukoo. Mtu akimkuta rafiki sokoni bila kutarajia amemkimbilia ndani, na akimgonga mtu kwa baiskeli amemkimbilia juu. Mchezo wa kuigiza ukionyeshwa majuma mawili, umekimbia majuma mawili. Na mtu anayegombea ubunge, Mmarekani husema anakimbia, bali Mwingereza husema anasimama! Jambo hili lilinifurahisha mno, nikawa nikiwauliza wenzangu nani kati ya hao wawili atafika Bungeni kwanza.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliliona daftari langu siku moja alipokuwa akikusanya kazi. Nalidhani atanigombeza kwa kupoteza muda. Kumbe alilipeleka darasani, akatugawa makundi manne, akatuachia kipindi kizima tushindane. Palikuwa na kelele kama mnadani. Kundi la dirishani lilidai kwamba siagi ikiyeyuka inakimbia, kundi letu likakataa, kamusi ikaletwa, na wao wakawa washindi. Mpaka kengele inalia tulikuwa na matumizi 71 ubaoni.

Tulijiona mashujaa mpaka mwalimu alipotusimulia habari ya kamusi kubwa ya Oxford. Kazi ya kamusi hiyo aliikabidhiwa James Murray mwaka 1879, wala haikukamilika mpaka mwaka 1928, naye Murray akiwa amekwisha kufa tangu 1915. Toleo lake la pili, la mwaka 1989, lina majuzuu 20, na kitenzi kilichochukua nafasi kubwa kuliko vyote humo ni "set". Lakini wahariri walipoanza kuipitia upya wakafika kwenye "run", ikawa kazi nyingine. Mmoja wao, Peter Gilliver, alishughulika na neno hilo peke yake kwa zaidi ya miezi tisa, na alipomaliza alikuwa amehesabu maana 645 za kitenzi hicho. Sisi na 71 zetu tukanyamaza. Sababu moja inayotolewa ni kwamba mashine ndizo zilizolinenepesha neno hili: treni, saa, injini, viwanda, na siku hizi kompyuta, maana hata programu hukimbia.

Mimi habari hiyo ilinifariji kwa namna isiyo ya haki sana. Nalijiambia kwamba ikiwa bingwa wa Oxford alihitaji miezi tisa, mtoto wa miaka kumi na mitano katika chumba cha daktari angaliwezaje? Lakini faraja hiyo haikudumu, kwa sababu yule bingwa alikuwa akiuliza, nami sikuuliza.

Nilipozidi kuchimba niliona kwamba Waingereza hawakutuzidi sana kwa jambo hili. Hebu mtazame mgeni anayejifunza Kiswahili anapokutana na "piga". Anafundishwa kuwa maana yake ni kumtia mtu makofi au fimbo. Halafu asubuhi anaamka anasikia mwenye nyumba anapiga mswaki, mkewe anapiga deki, mtoto anapiga chafya, jirani anapiga hodi. Anakwenda mjini, huku watu wanapiga picha, kule wanapiga simu, fundi anapiga pasi, siku ya uchaguzi taifa zima linapiga kura, na jioni vijana wanapiga soga huku wengine baharini wanapiga mbizi. Maskini mgeni huyu ataandika kwao kwamba amefika katika nchi ya watu wakali sana. Nalo neno "kata" je? Tunakata kuni, sawa. Lakini tunakata tiketi bila kisu, tunakata shauri, tunakata rufaa, tunakata kiu, tunakata tamaa, na mwisho wa yote tunakata roho. Mgeni akimfasiria daktari wetu maneno hayo kama mimi nilivyofasiri, Mungu atusaidie.

Tofauti niliyoiona mimi, na mwalimu amekubali kuwa nimeona vema, ni mahali tunapofunga mkia. Sisi neno "kimbia" tukitaka kuligeuza tunalishonea mkia wake hapo hapo likawa kimbilia, kimbiza, kimbizana, kimbiliana, na tunapata hata mkimbizi na kimbilio. Mkia haubanduki. Mwingereza yeye huliacha neno lake kama lilivyo, halafu huweka kando yake kineno kidogo kama out, into, over, down au up, na kineno hicho ndicho kinachobeba mzigo wote. Mtu asiyejua huvitazama viwili hivyo kama wasafiri wawili wasiojuana, akafasiri kila mmoja peke yake. Run ni kimbia, out ni nje. Kumbe ni mume na mke, na wana nyumba yao.

Tena nadhani nimeona hata njia waliyopitia kufika huko. Mtungi ukiwa na ufa chini, maji hutiririka kidogo kidogo yakatoka, na hayo kwao ni kukimbia. Yakitiririka mpaka la mwisho, mtungi umebaki mtupu. Basi unga, chaki, pesa na dawa navyo vikaitwa vivyo hivyo, kama kwamba kila kitu tulicho nacho kimo katika mtungi wenye ufa. Ukilitazama hivyo neno hilo halichekeshi, na ni rahisi kulikumbuka. Lakini hayo nayasema leo.

Desemba ya kidato cha tatu nilikwenda nyumbani nikiwa nimeazimia kumweleza Bibi, nikarudi sijamweleza. Nilimkuta anatembea kwa fimbo. Uso ulikuwa umerudi karibu wote, ila anapocheka upande mmoja unatangulia. Mkono wa kulia ulikuwa unaweza kushika kikombe kwa shida, lakini vidole vilikuwa havina utii wa kusuka. Alikuwa akijifunza kwa mkono wa kushoto, akikanyaga mwisho wa ukili kwa kidole gumba cha mguu. Ukili ulikuwa unakwenda upande kama njia ya ng'ombe. Akiumaliza anaufumua. Nalikuwa nikimtazama, maneno yanafika kwenye meno, kisha nasema, "Bibi, nikuletee maji?" Alikunywa maji mengi likizo ile.

Likizo ya Juni ya mwaka huu nilimwambia. Tulikuwa tumekaa uwanjani chini ya mwarobaini, mama amekwenda kisimani. Mimi nalikuwa nimemshikia mwisho wa ukili ili asitumie mguu. Nikaanza kwa kusema kwamba lipo neno moja la Kiingereza ambalo sikulijua. Nikamsimulia lote, na chaki, na kile kisanduku, na kwamba daktari alisema dawa zisiishe, wala hakusema habari ya ndani na nje. Nilisema huku natazama miyaa. Nilipomaliza, mkono wake ulikuwa umesimama.

Alikaa kimya muda mrefu. Kuku walipita. Nilisikia mtu anapasua kuni nyumba ya tatu.

"Kwa hiyo," akasema, "ule mlango nalikuwa nikiufunga bure?"

Nikasema, "Bure, Bibi."

"Na dirisha?"

"Na dirisha."

"Desemba yote ile! Joto lote lile, nimejifungia kama mwali!" Akaanza kucheka, ule upande mmoja ukitangulia, mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nalia, nikiwa na miaka kumi na saba na ndevu mbili tatu. Alipotulia akafuta macho yake kwa ncha ya kanga, halafu akafuta yangu kwa ncha hiyo hiyo, kwa mkono wa kulia, ule mbovu, kwa hiyo alinipiga kidogo puani.

"Umelibeba hilo tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, mwezi wa saba."

"Na ulikuwa ukiniletea maji," akasema, kama mtu anayejibu swali lake mwenyewe. Kisha akauliza, "Na lile la kwanza, lile la kukimbia waliponicheka, lilikuwa nini?"

"Homa, Bibi."

"Homa inakimbia?"

"Kwao inakimbia."

Akatikisa kichwa. Akauchukua ukili, akautazama ulipopinda, akafumua mikunjo miwili akaanza tena. Baada ya kitambo akaniambia, bila kuinua uso, "Ingia chumbani, kasha halijafungwa. Kazihesabu zimebaki ngapi, mume wangu."

Nikaingia, nikafungua kile kipande cha kanga, nikavimwaga vidonge kitandani, nikavihesabu mara mbili. Vilikuwa tisa. Nikatoka nje navyo mkononi, juani, nikamwonyesha. Kesho yake alfajiri nikapanda basi la kwanza kwenda kumchukulia vingine.